Makala Iliyosomwa Kisimani

Mwalimu wa mpwa wangu alikuja nyumbani kwangu Kwamndolwa Jumamosi moja asubuhi, kavaa kaptula iliyopigwa pasi hata ikawa inasimama yenyewe. Aliniamkia vizuri, akakataa kiti, kisha akakikubali. Alikuwa na shauri lake. Alikuwa akikusanya habari ndefu zilizopata kutoka magazetini, zilizoandikwa na watu wa upande wetu, zile ambazo mtu akizisoma mara moja hutaka kuzisoma tena. Alitaka kuzinakili zote katika daftari moja kubwa ili wanafunzi wake wajue kwamba hata huku kwetu kuna watu wanaoweza kushika kalamu. Alikwisha kupata nne. Ya tano ilikuwa yangu.

"Kila ninayemwuliza anaitaja hiyo ya kwako, bwana dresa," alisema. "Ile ya mwanamke wa kinu. Wengine wanaijua kwa moyo."

"Najua," nilimjibu, tena kwa ukali ambao hakuustahili. "Nitafikiri."

Alishukuru kana kwamba nimekubali, akaenda zake. Mpwa wangu alikuwa uani anapepeta mchele, na alikuwa amesikia yote. Nilijua kuwa amesikia kwa sababu ungo ulinyamaza tangu mwalimu alipotaja kinu.

Basi na nieleze, maana nimenyamaza miaka minane na sidhani kama kunyamaza kumenisaidia kitu.

Wakati huo nilikuwa dresa katika hospitali ndogo ya shamba la mkonge, upande wa Korogwe ya zamani, si mbali na mto. Kazi yangu ilikuwa kuosha vidonda, kuchoma sindano, na kuwatoa wakataji miiba ya mkonge machoni. Niliifanya vizuri. Lakini moyo wangu haukuwa hospitalini, ulikuwa katika gazeti. Gazeti la serikali lilikuja kila mwezi kwa treni, na mimi nilikwisha kuchapishwa mara tatu: barua kuhusu nzi, barua kuhusu vijana wanaoendesha baiskeli bila kengele, na shairi moja ambalo leo nikilikumbuka naona haya. Mtu akiniita "bwana mwandishi" nilikuwa nageuka haraka kuliko nikiitwa kwa jina langu. Niseme wazi: nilikuwa najiona.

Kwetu ni Chanika, Handeni. Baba na mama walikwisha kufa, na niliyebaki naye alikuwa dada yangu mkubwa, aliyenilea na kunitafutia hata nguo ya kwendea shule. Yeye mwenyewe shule hakuiona. Mumewe alikwenda pwani kutafuta kazi, tukasikia ameoa huko, tukaacha kumtaja. Dada alibaki na watoto wawili wa kike, mmoja wa miaka saba na mwingine wa mitatu, na shamba la mahindi ambalo kwa misimu miwili mfululizo halikupata mvua ya maana.

Nilipokwenda likizo mwaka ule nilikuta watu wanachemsha mizizi ya porini, wanamwaga maji yale, wanachemsha tena, mara ya tatu, ili sumu itoke. Maji yenyewe ya kuchemshia yalikuwa yanatafutwa. Mto ulikuwa umekauka, na wanawake walichimba visima mchangani kwa mikono. Ukikaa juu ya kisima unaona maji yanavyojikusanya chini kidogo kidogo, unateka kata moja, unangoja. Debe moja lilichukua karibu asubuhi nzima. Watu waliketi pale kwa zamu, madebe yamepangwa mstari, na hapakuwa na jambo la kufanya ila kuzungumza, na hata mazungumzo yalikuwa yamepungua.

Siku ya kurudi kazini sikupata lori. Nilitembea kwa miguu pamoja na wanawake kumi na mmoja waliokuwa wanahamia Korogwe kutafuta chakula kwenye mashamba ya mkonge. Tulitumia siku tatu. Nilikuwa na daftari langu na niliandika kila nilichokiona: nani alikaa njiani, nani alirudi, walikula nini, waliambiana nini. Kati yao alikuwamo mama mmoja aliyejitwisha kinu. Wenzake walimcheka. Kinu kizima, mzigo ule, mtu anakimbia njaa! Mimi pia nilimwuliza kama ana akili timamu.

"Wewe umesoma lakini hujui mambo," aliniambia. "Huko niendako wanapewa mahindi, na vinu hawanavyo. Mwenye kinu haombi, baba. Atakayekuja kutwanga ataniachia konzi."

Ilikuwa kweli. Kwetu ndivyo ilivyo: ukitwanga katika kinu cha mtu, huondoki hivi hivi, unamwachia konzi, mkono mmoja uliojaa pumba, na ukiwa na moyo unaongeza na chenga. Alikuwa amebeba riziki yake kichwani, na mimi nilidhani amebeba gogo. Nilipokuja kumwona Korogwe mwezi uliofuata, watoto wake walikuwa hai na shavu limeanza kurudi.

Kabla sijaondoka Chanika dada yangu alikuwa ameniambia kuwa naye atafuata. Alingoja tu mtoto mdogo apone homa. Kisha nikampelekea habari za yule mama wa kinu kwa dereva mmoja wa lori, naye akanijibu kwa dereva huyo huyo kwamba yeye pia kinu anacho, ameshakifunga kamba.

Makala niliiandika kwa miezi miwili. Nikitoka zamu nilikaa mezani na lile daftari, nikaandika, nikafuta, nikaandika upya. Sikutia chumvi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutafuta maneno makubwa, niliandika tu kama ilivyokuwa: kisima, madebe, njia, kinu. Ilipofika kwa mhariri hakukata hata mstari. Ilitoka ndefu, kurasa nne kamili, na juu ya ukurasa wa kwanza wa gazeti ilikuwapo ile nembo ya serikali kama kawaida.

Niliomba ruhusa ya siku nne, nikapanda lori na nakala tatu za gazeti, nikaenda Chanika.

Nikiri kwamba sikwenda kumwona dada tu. Nilikwenda kusomwa. Nilifika kisimani asubuhi, watu wameketi na madebe yao, nikawaamkia wakubwa, nikafungua gazeti nikaanza. Barua zangu za zamani zilikuwa zinakwisha kabla kata ya pili haijatekwa. Hii ilifikisha debe robo nzima. Hakuna aliyekohoa. Nilipofika pale pa kinu, mwanamke mmoja alicheka, kisha akafunika uso kwa upande wa kanga, akalia. Nilipomaliza walisema, "Rudia." Nikarudia. Kesho yake walikuja hata wale ambao hawakuwa na zamu ya maji.

Dada yangu alisikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne nilimwona midomo yake inakwenda pamoja na yangu. Alikuwa na kichwa cha ajabu yule, angepelekwa shule angenipita mbali.

"Rudia pale pa kinu," alikuwa ananiambia nyumbani, anachekacheka. "Pale unaposema, 'alishusha kinu kama anayemshusha mtoto.' Umeyatoa wapi hayo, ndugu yangu?"

Sijapata kusifiwa tena na mtu yeyote nikasikia raha kama ile.

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia. Kwetu enzi hizo karatasi yenye ile nembo haikuwa habari, ilikuwa amri. Ilipobandikwa karatasi yenye nembo kwamba kila mtu apande mihogo, watu walikwenda kuangaliwa mashambani mwao kama wameipanda. Iliposema msichome majani, aliyechoma alifungwa. Hapakuwa na karatasi ya nembo iliyopata kusema jambo, kisha jambo lile likakosa kufuatwa na mtu mwenye kofia. Basi mzee mmoja pale kisimani aliinuka na mkongojo wake akasema, "Jamani, serikali imesema tuna njaa. Imekwisha kusema. Sasa kinachofuata ni chakula." Wote waliitikia. Jumbe aliomba nakala moja, akaifunga katika kitambaa cheupe, akaiweka pamoja na zile karatasi nyingine alizopewa bomani. Watu waliokuwa wamefunga mizigo yao ya kwenda Korogwe waliifungua. Nani ataondoka kwake wakati chakula kiko njiani? Kikigawiwa na wewe hupo, utamdai nani?

Ni mtu mmoja tu aliyekataa. Jirani wa dada yangu, mjane mwenye maneno makali, alijitwisha mkeka wake mbele yangu akasema, "Mimi sina masikio ya kusikiliza makaratasi. Nakwenda zangu." Baada ya hapo homa ikamshika, akakawia wiki kadhaa. Lakini mkeka hakuufungua.

Dada yangu aliniuliza asubuhi ile ninayoondoka. Kinu kilikuwa kando ya mlango, kimezungushiwa kamba, na ngata ya kujitwishia iko juu yake. Mtoto mdogo alikuwa amekwisha kupona.

"Wewe ndiye uliyeandika," alisema. "Hawa wote wanasema tu, hawajui. Wewe unajua. Nitoke au ningoje?"

Nilijibu upesi. "Ngoja, dada. Wakubwa wamekwisha kuisoma. Hawawezi kuisoma ile wakanyamaza."

Niliamini nilichosema, hilo Mungu ni shahidi. Lakini palikuwa na jingine ambalo sikumwambia yeye, wala sijamwambia mtu mpaka leo ninapoandika. Nilimwona dada yangu anaingia Korogwe mchana, vumbi mpaka magotini, kinu kichwani, watoto wawili nyuma, anamwuliza kila mtu iko wapi nyumba ya dresa. Wenzangu wangesema, kumbe mwanamke wa kinu ni dada yake. Watu wote wangejua kwamba njaa niliyoiandika kwa ufundi ule ilikuwa imelala nyumbani kwetu. Nilitaka kuwa mtu aliyeiona, si mtu iliyemhusu. Kwa hiyo nikasema ngoja.

Nilimwachia nakala moja ya gazeti. Aliipokea kwa mikono miwili.

Nikarudi Korogwe nikangoja pamoja nao, ila mimi nilingoja nikiwa nimeshiba. Gazeti lililofuata lilikuja na barua tatu kuhusu makala yangu. Ya kwanza ilisema Kiswahili changu ni safi. Ya pili ilisema kuwa mwandishi angetumia neno jingine badala ya lile la kisima. Ya tatu ilikuwa shairi. Mwezi ule afisa mmoja alipita hospitalini, akauliza ni yupi aliyeandika, akanipa mkono mbele ya watu. Alisema amesoma mara mbili, kisha akaniuliza kama naweza kuandika nyingine, ndefu vilevile, kuhusu vyoo.

Nilijikaza nikamwuliza, "Na chakula cha Handeni, bwana?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, nadhani hakuwa mtu mbaya. "Gazeti ni la kusomwa," alisema. "Mambo ya chakula yana ofisi yake. Je, huko ofisini kuna aliyepeleka maombi?"

Hakuna aliyepeleka. Wangepeleka ya nini, nao walikwisha kuisikia serikali ikisema kwa kinywa chake?

Hapo ndipo ilinipasa kutupa kila kitu nikimbie Chanika. Sikukimbia. Kambi ilikuwa na homa, likizo zimefungwa, na mimi nilijiambia kuwa afisa mmoja si serikali nzima, labda wengine wakubwa zaidi wangali wanasoma. Niliwapelekea nusu gunia ya unga kwa lori. Baadaye nilisikia kuwa dada aliigawa mtaa mzima siku mbili, kwa sababu nyumba yenye unga wakati kama ule haiwezi kufunga mlango, na kwa sababu aliwaambia watu kuwa huo ni mwanzo tu. Nilimpelekea na neno kwa dereva: ngoja kidogo. Neno hilo lilifika zima.

Wiki ya saba, wakati nafunga kidonda cha mkataji mmoja, nilimwona yule mjane jirani amesimama mlangoni pa hospitali. Mkononi alimshika mtoto mkubwa wa dada yangu. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba na nywele zimebadilika rangi. Mjane alipopata nguvu na kuamua kuondoka, alipita kumuaga dada, akamkuta amelala, hawezi kuinuka. Mtoto mdogo alikuwa amezikwa siku nne nyuma. Dada alimwambia mchukue huyu, mimi nikipata nguvu nitakuja na kinu, hiki siwezi kukiacha. Mjane alisema maneno hayo bila kulia, kisha akaketi chini palepale mlangoni.

Safari hii sikuomba ruhusa. Nilifika Chanika kesho yake mchana, nikakuta watu wanatoka makaburini.

Mahindi yalikuja, nisiseme uongo. Yalikuja baada ya mvua ya kwanza, ya manjano, watu wakapewa kwa kazi ya barabara. Si makala yangu iliyoyaleta, maana yaliletwa na maombi ambayo watu wa kata nyingine walipeleka ofisini, kwa miguu, bila gazeti.

Kinu kilikuwa palepale kando ya mlango. Kamba haikufunguliwa, na ngata ilikuwa juu yake. Ndani ya kinu, katika kipande cha kanga, nilikuta gazeti. Nilishangaa kuona limechakaa vile mikononi mwa mtu asiyejua kusoma. Ukurasa wa mwisho ndio uliochakaa kuliko yote, pembe zimekuwa laini kama kitambaa, na sikujua kwa nini. Nilijitwisha kinu kile mwenyewe. Pale lori liliponishusha Korogwe nilipita nacho katikati ya sokoni mchana, watu wananitazama, na haikunigharimu kitu chochote. Kumbe ilikuwa rahisi namna hiyo.

Sikuandika tena. Watu walidhani ni huzuni, wakanihurumia.

Mpwa wangu nimemlea. Sasa ana miaka kumi na mitano, anasoma, tena anasoma vizuri. Gazeti lile nililiweka chini kabisa ya sanduku, na katika miaka hii minane hakulitaja wala mimi sikulitaja. Lakini Jumapili, kesho yake baada ya mwalimu kuja, aliacha kupika akaja kusimama mbele yangu.

"Mjomba, naomba niisome."

Ningemkatalia kwa haki gani? Nililitoa nikampa. Alilipeleka uani, akakaa juu ya kile kinu alichokilaza ubavu, akasoma pole pole, kidole kikifuata mstari. Nilikaa mlangoni nikajifanya natengeneza kandambili. Midomo yake ilikuwa inakwenda mbele ya kidole. Mara kwa mara kidole kilichelewa na yeye akakingoja.

Alifika mwisho. Akageuza ukurasa, akautazama mgongo wake, ambapo palikuwa na tangazo la sabuni. Akarudi nyuma kurasa mbili, akahesabu kurasa zote nne, akageuza tena.

"Mjomba," alisema, "pale pa malori pako wapi?"

"Malori gani?"

Alinitazama kama ninayemtania. Kisha akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti iliyonyanyua mwisho wa maneno kama dada yangu alivyokuwa akinyanyua:

"'Na wakubwa walipokwisha kuisoma habari hii, waliinuka vitini wakaagiza malori. Malori yakaja kwa njia ya Korogwe, moja mbele na sita nyuma, na yule mwanamke wa kinu alikuwa amekaa katika lile la mbele, kando ya dereva, anamwonyesha njia ya Chanika.'"

Niliiweka kandambili chini.

"Mama alikuwa anatusomea hivyo kila siku," aliendelea. "Jua likiwa kali, tumelala chini. Anashika gazeti, anaanza kisimani, anakwenda nayo yote mpaka mwisho, na mwisho ni hapo. Mbona mengine yote yapo, neno kwa neno? Hili umeliondoa wewe?"

"Hapakuwapo," nilimwambia. "Mimi sikuandika malori."

Aliangalia tena ule ukurasa uliochakaa. Alikunja gazeti kwa mikunjo yake ya zamani, akaliweka mapajani.

"Mdogo wangu alikuwa anapapenda hapo," alisema. "Alikuwa anataka parudiwe pale pa malori tu. Na siku yake ile ya mwisho mama alikuwa hana sauti, nikamsomea mimi."